Vinyago Vyeusi

Musyoka hakuwa na shahada, hakuwa na simu, hakuwa na koti lisilombana mabegani, wala mtu wa kumwambia, "Umefanya vyema." Alikuwa na kazi ya ukarani Kayole na masomo ya jioni, basi.

Mwaka 1999, katika saiba, duka la intaneti, iliyojaa watu Buruburu, alikodolea macho kompyuta iliyomletea maelfu ya kurasa kuhusu vinyago.

"Kaka, umeingia sokoni bila kujua unachonunua," alicheka msichana wa blauzi ya manjano aliyengoja zamu. "Fungua hapa."

Huyo alikuwa Wanza, mkutubi. Pamoja na wataalamu wawili alitunza mwongozo wa utafiti kwenye intaneti: makala walizozisoma na kuzipima wenyewe, ili mwanafunzi asipotezwe.

Kufikia mvua za masika walikuwa wakiitana mpenzi. Musyoka aliandika makala juu ya vinyago, Wanza akaiweka katika mwongozo. Mtaa mzima wa Mowlem, alikoishi, ulijua habari za makala hiyo.

Jumamosi moja Musyoka akampeleka rafiki yake Opiyo saiba akaione. Haikuwapo! Musyoka aliitafuta mara ya pili, wapi! Akakimbilia kibanda cha simu.

"Wanza! Umenifuta?"

"Nimeifuta makala, mpenzi."

"Mbele ya Opiyo! Nani amekugeuza?"

"Baba."

"Mzee hanitaki?"

"Baba ni mchongaji, nawe hukuwahi kuuliza. Nilimsomea makala yako. Ulipoandika kwamba vinyago vyote vyeusi ni mpingo, alicheka hadi akakohoa. Vyake huvipaka rangi ya viatu!"

"Ya viatu?"

"Ulizungumza na mchongaji hata mmoja?"

Musyoka akatumbukiza sarafu ya mwisho.

"Niliiweka kwa sababu nakupenda, sikuipima. Kosa langu hilo. Lakini msomaji wa mbali hakupendi wewe, anauamini mwongozo."

"Na mimi je?"

"Wewe nani amekufuta? Andika upya—"

Sarafu zikaisha.

Chumbani, Musyoka alimchukua twiga wake mweusi wa kuchongwa, fahari ya meza yake, akamsugua kwa leso yenye maji. Leso ikawa nyeusi. Twiga akatokeza shingo ya rangi ya chai. Kisha akacheka peke yake, akavuta karatasi amwandikie baba yake Wanza.

"Mzee Munyoki, naomba nije nikae karibu na tezo lako la kuchongea, nijifunze nilichojidai kukijua. Ukiridhika na makala yangu, nitarudi na wazee wangu, tuzungumze kuhusu Wanza."

Akailamba bahasha, akaifunga, akabandika stempu. Kwenye sanduku la posta Umoja aliishikilia kidogo, akaiachia.