Vidonda vya Soksi

Rafiki yangu Nerima, wa hapa mtaani Rhonda, alikuwa akikatakata sukuma wiki daktari wa mifugo alipopiga simu. Paka wao, Soksi, alikuwa amefia kliniki.

Nerima hakulia, alikasirika. Vidonda vya huyo paka vilimsumbua tangu mvua ianze. Daktari mmoja alisema ni upele, mwingine akasema ni mzio, na dawa zote zikakataa. Nerima alipochoka, alimpaka Soksi oil chafu ya gereji, vile sisi wote huwapaka mbwa wetu.

"Mathe, ilikuwa kuvu, ile haionekani sana," daktari akasema. "Ingetibika. Lakini alijiramba hiyo oil ikamuua. Sasa kagua watoto, hiyo kuvu huambukiza."

"Na mbona hamkuniambia mapema?" Akakata simu. Alitupa mkebe wa oil, akasugua sakafu kwa dawa, akaogesha watoto na kuwakagua mwili mzima. Walikuwa safi.

Stima ilipotea akisonga ugali, akapakua gizani. Ndipo wakasikia mlio chini ya meza, wa ulimi ukiramba polepole.

"Nani analamba sahani na hatujaomba?"

"Si mimi, Mama."

Akaita majina. Khisa akaitika, Immaculate akaitika, baba yao akakohoa kwa kiti chake. Wote walikuwa mezani. Mlio haukukoma. Akawasha tochi ya simu, akamulika chini ya meza.

Immaculate alikuwa ameinua mguu. Kutoka kisigino hadi vidoleni ulikuwa mweusi, umelowa oil chafu, bado ina joto.