Sentensi Isiyo na Kichwa

Ukitaka kuiona hasira ya Mboni, nenda kijijini Kinjumbi, nunua bagia zake, kisha mwambie hazikukolea. Utajuta kuzaliwa! Bagia zile za kunde ndizo fahari yake. Kila asubuhi hukaanga nje ya nyumba yake, kando ya njia iendayo zahanati. Vijana wa bodaboda hula hapo. Akina mama wanaopeleka watoto kliniki hununua hapo. Bagia zikitoka jikoni huchujwa mafuta, hufungwa kwenye karatasi, na mteja huondoka akipuliza vidole.

Karatasi zenyewe zilikuwa kurasa za vitabu. Mboni hakuwa na simile. Daftari la mtoto aliyemaliza shule, gazeti la mwaka juzi, kitabu kilichopoteza jalada, vyote alivichana. Kwake karatasi ilikuwa karatasi tu. Mtu angemlaumu vipi? Alikuwa hajui kusoma. Kisomo cha watu wazima alikianza mwaka huu, na nywele zimeshaingia mvi.

Mumewe, Nurdin, alikuwa kinyume chake. Yeye ni mkulima wa ufuta na korosho, lakini ugonjwa wake ni kusoma. Alisoma hata karatasi ya bagia. Alikula bagia, akakunjua karatasi, akasoma huku mafuta yanamchuruzika kwenye kiganja.

"Mama Naima, umeniua!" alilalamika siku moja. "Mlango umebishwa, mwenye nyumba ameinuka kufungua, ukurasa umekwisha. Sasa nitajuaje nani aliyebisha?"

"Aliyebisha alitaka bagia," Mboni alimjibu. "Kula."

Siku hizo walikuwa wakicheka.

Kisha Nurdin akapimwa akakutwa na presha, yaani shinikizo la damu. Muuguzi wa zahanati, dada mmoja anayeitwa Witness, alimpa vidonge vya kumeza kila siku. Alimpa pia kijitabu cha jalada la kijani kinachoeleza ugonjwa huo. Alimwambia apunguze chumvi na mafuta. Nurdin akatii. Baada ya miezi mitatu presha ilishuka, akarudi kutoka zahanati akitembea kifua mbele.

Basi hapo ndipo balaa lilipoanza.

Asubuhi moja Mboni alikuwa akifagia chumbani. Akaona pakiti ya vidonge juu ya sanduku. Akaishika. Pakiti ilikuwa imejaa vilevile kama ilivyotoka zahanati, na ilikuwa na wiki mbili ndani ya nyumba. Akatoka nayo hadi barazani, fagio mkono wa pili.

"Baba Naima! Hivi ni nini?"

"Vidonge."

"Naona ni vidonge! Mbona humezi?"

"Nimepona," alisema Nurdin. "Kichwa hakiumi. Nalala vizuri. Namezea nini?"

"Nani kakwambia umepona? Witness kakwambia?"

"Kitabu kimeniambia." Nurdin akaingia ndani, akarudi na kijitabu cha kijani. Akakifungua, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba: "'ukijisikia vizuri, unaweza kuacha dawa hata bila kumuuliza mganga.' Umesikia? Si maneno yangu. Yamepigwa chapa."

"Haiwezekani!"

"Haiwezekani? Mimi nimefika darasa la saba. Wewe kisomo umeanza juzi, ba be bi bo bu bado zinakushinda. Leo unabishana na kitabu?"

Mboni hakukubali. Maneno yale yalimchoma hasa. Alirudi jikoni, akakoroga unga wa kunde kwa nguvu mpaka ukamrukia usoni.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa haina raha. Mboni alipika mchuzi wenye chumvi kidogo, Nurdin akaisukuma sahani. "Chakula cha hospitali hiki. Niletee chumvi." Mboni akaificha chumvi. Nurdin akaenda kwa mdogo wake, Abilahi, akala ng'onda. Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi tele, akaanikwa juani. Akarudi anajilamba.

"Kwa Abilahi ndiko kunakopikwa!" alisema.

"Kahamie huko!" Mboni alifoka. "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Msimwone mkali bure. Mboni alikuwa na sababu. Kaka mkubwa wa Nurdin naye alikuwa na presha, naye alisema amepona. Siku moja alikaa kula, tonge likamtoka mkononi. Mdomo ukaenda upande. Akajaribu kusema, maneno hayakutoka. Kilikuwa kiharusi. Hakumaliza mwezi. Mboni ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko. Kila Nurdin alipodondosha kitu, hata kijiti cha meno, Mboni alishtuka na kumtazama mdomo. Naye Nurdin asubuhi alianza kushika ukuta anapoinuka. Akiulizwa, husema, "Nimeinuka haraka tu."

Alhamisi alasiri Mboni alikwenda kisomo. Darasa lilikuwa kwenye ofisi ya kijiji, na mwalimu wao alikuwa mzee Kornelio, mwalimu mstaafu. Siku hiyo alifundisha sentensi.

"Sentensi ni kama mtu," alisema. "Ina kichwa na ina miguu. Kichwa ni herufi kubwa. Miguu ni nukta. Mkiona sentensi inaanza kwa herufi ndogo, jueni haina kichwa. Kitafuteni kiko wapi."

Watu walicheka. Mboni hakucheka. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

Aliporudi, Nurdin alikuwa msikitini. Mboni alikichukua kijitabu cha kijani, akakaa mlangoni penye mwanga. Alitaka kujipima tu. Akaweka kidole chini ya kila neno. "Presha... haina... kelele." P kubwa. Nukta mwishoni. "Pima... mara... kwa... mara." P kubwa tena. Akafurahi. Sentensi zote zilikuwa na vichwa.

Akafika pale mumewe alipopasoma. Mstari wa kwanza juu ya ukurasa. Kidole kikasimama.

"ukijisikia..."

Ilikuwa u ndogo.

Akaitazama tena. Akaitazama kwa jicho moja. Ilikuwa ndogo tu, ndogo kama kisoda. Sasa kichwa kiko wapi? Akaangalia ukurasa wa kabla yake. Chini palikuwa na namba sita. Akaangalia huu wenye u ndogo. Namba tisa. Hesabu alikuwa anaijua, muuza bagia haibiwi hesabu. Baada ya sita huja saba, kisha nane.

Akapapasa katikati ya kijitabu. Pale kwenye uzi palikuwa na ukingo wa karatasi iliyochanwa.

"Lahaula!" alisema Mboni.

Alikumbuka. Ilikuwa siku ya upepo. Karatasi zake zilipeperushwa zikatumbukia kwenye maji machafu. Yahya wa bodaboda alikuwa na abiria, anapiga honi, anataka bagia upesi. Mboni alikimbia ndani, akashika kilicho karibu, akachana karatasi moja. Moja tu! Bagia zikaondoka zimefungwa humo, na kichwa cha sentensi kikaondoka nazo.

Hasira aliyokuwa nayo kwa mumewe ilimgeukia mwenyewe. Alijipiga paja. "Mjinga we! Umemfungia mumeo kifo kwenye karatasi!" Alitamani kulia, lakini hasira ilikausha machozi.

Nurdin alipotokea njiani, Mboni alikuwa ameshajitanda khanga.

"Twende zahanati."

"Kuna nini?"

"Twende! Ukikataa napiga yowe hapa, kijiji kizima kije."

Nurdin alimjua mkewe. Alikwenda.

Witness alikuwa anafunga dirisha. "Shikamooni," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mpime huyu."

Witness akamfunga Nurdin mkono kwa kile kitambaa cha kipimo, akakijaza upepo, akatulia. Akapima tena. Uso wake ukabadilika.

"Baba, ni mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na mbili. Inatakiwa iwe chini ya mia moja arobaini kwa tisini. Unameza dawa?"

"Niliacha. Nilikuwa nimepona."

"Umeacha?" Witness aliweka kipimo mezani kwa kishindo. "Baba, nisamehe, wewe ni mkubwa kwangu, lakini hili linanikasirisha! Presha hutulizwa, haiponi kwa kujisikia vizuri. Ulijisikia vizuri kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi! Umeondoa nguzo kwa kuwa umeona paa halianguki!"

"Kitabu kimesema..."

"Kitabu gani?"

Mboni akakitoa. Akakifungua ukurasa wa tisa. "Mwanangu, hii u ni ndogo," alisema. "Kichwa chake hakipo. Karatasi ya saba na nane haipo. Nipe kitabu kingine kama hiki."

Witness alimtazama, kisha akafungua kabati, akatoa kijitabu kipya. Akakifungua ukurasa wa nane, akasoma mstari wa mwisho: "'Wagonjwa wengi hupoteza maisha kwa sababu ya kudanganyana kwamba...'" Akahamia juu ya ukurasa wa tisa. "'...ukijisikia vizuri, unaweza kuacha dawa hata bila kumuuliza mganga.'"

Nurdin alikitwaa kijitabu, akasoma mwenyewe. Akarudi nyuma, akasoma tena. Jasho lilimtoka.

"Nani amechana changu?" aliuliza polepole.

"Mimi," alisema Mboni. "Nilifungia bagia."

"Wewe?" Nurdin aliinuka kwa ghadhabu. "Ebo! Unachana kitabu cha mgonjwa? Ulitaka nife?"

"Na wewe!" Mboni naye aliwaka. "Msomi wa darasa la saba! Hukuona u ndogo? Hukuona namba zimeruka? Uliona ulichotaka kuona, kwa sababu ulitaka ng'onda!"

Nurdin alitaka kujibu, akayumba. Akashika meza. Wote wawili wakamdaka.

"Basi, basi!" alisema Witness. "Ugomvi baadaye. Baba, unaona kizunguzungu? Kichwa kinauma? Haya, unakwenda hospitali ya wilaya sasa hivi. Inua mikono yote miwili. Tabasamu kidogo. Vizuri, mdomo haujaenda upande. Mama, ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanakwama, usingoje hata dakika. Mwahishe hospitali."

Nurdin alilazwa siku tatu. Mungu ni mkubwa, kiharusi hakikumpata. Alirudi na vidonge na uso wa aibu. Kununiana hakukuisha siku hiyo, nisiwadanganye. Lakini Witness aliwatembelea, akaingia mpaka jikoni.

"Mchuzi usio na chumvi ni mateso," Nurdin alimlalamikia.

"Nani kasema ukose ladha?" alisema Witness. "Mama, kamua ndimu. Tia tangawizi, kitunguu saumu, embe mbichi. Chumvi weka kidogo sana wakati wa kupika, na mezani isije kabisa. Samaki mchukue mbichi, umchome au umchemshe. Ng'onda muache. Mboga za majani zipike kila siku, matembele, mchicha, kisamvu. Nazi tumia tui la pili, lile jepesi. Na baba, shamba likiwa halina kazi, tembea. Nusu saa kila siku."

"Na bagia?" aliuliza Nurdin kwa huzuni.

"Bagia moja moja, si kila siku. Na zisifungwe tena kwenye kurasa zilizochapwa. Mafuta ya moto hunyonya wino, nanyi mnaula."

Mboni aliguna. "Kumbe niliwalisha watu wino!"

Kuanzia wiki hiyo bagia zake zilifungwa kwenye majani ya mgomba yaliyooshwa. Chumvi aliipunguza, akaongeza pilipili na ndimu. Yahya wa bodaboda alisema hazikukolea. Mboni alimtazama. Yahya akanunua nyingine nne bila kuulizwa.

Mwezi wa pili baada ya kutoka hospitali Nurdin alipimwa. Mia moja thelathini na mbili kwa themanini na nne. Safari hii hakutembea kifua mbele. Aliuliza, "Naendelea na dawa?" Witness akasema, "Unaendelea." Akasema, "Sawa."

Alipofika nyumbani alikuta kijitabu chake cha kijani juu ya mkeka. Kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi mweusi. Akakifungua. Baada ya ukurasa wa sita palikuwa na karatasi ya daftari. Maandishi yake yalikuwa ya kalamu ya wino, makubwa, yamepanda na kushuka kama njia ya shambani. Mboni alikuwa ameiazima nakala ya Witness. Alinakili kurasa mbili, ya saba mbele na ya nane nyuma, na ilimchukua siku kumi na moja.

Nurdin alikaa chini. Alisoma ya saba. Alisoma ya nane. Akafika mstari wa mwisho, akausoma kwa sauti.

"'Wagonjwa wengi hupoteza maisha kwa sababu ya kudanganyana kwamba...'"

Hakuendelea na ukurasa wa tisa. Akajifanya anakohoa.

"Mama Naima."

"Abee."

"Hii W yako kubwa mno. Imejaza mistari mitatu."

"Nimeifanya kubwa makusudi, uione."

Nurdin alicheka kidogo. Akachukua kidonge, akameza na maji, akaonyesha ulimi kwamba kimekwenda.

"Nilikutukana kwa kisomo chako," alisema. "Kisomo hicho ndicho kilichoniokoa. Umenisamehe?"

Mboni alikuwa akikamua ndimu kwenye mchuzi. Hakugeuka.

"Bado," alisema. "Kesho meza tena, ndipo nitafikiria."