Komba wa Mjomba Anselmi

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 9 Machi 1974, asubuhi, Sabaha alipokuwa akipima mkaa kwa debe mbele ya nyumba yao Kariakoo. Lori kutoka msitu wa Pugu lilisimama. Dereva, Mjomba Anselmi, akashuka na kofia mkononi. Ndani ya kofia alijikunyata komba aliyekomaa, lakini mdogo kuliko kiganja, macho makubwa kama vifungo vya koti.

"Shikamoo, Mjomba. Umemtoa wapi?"

"Marahaba. Tundu la mti tuliokata jana. Zamani Pugu walilia msitu mzima hata usingizi hupati. Siku hizi kimya, wamekwisha. Chukua, ucheze naye."

Baba yake, Mzee Bakili, hakutaka mnyama ndani. Sabaha akamficha kwenye kikapu, uvunguni mwa kitanda.

Usiku ule komba alilia kama mtoto. Baba alilala kibarazani akilinda mkaa, hakusikia. Wapangaji walisikia. "Jamani, nani kajifungua humu?" waliulizana asubuhi.

Sabaha akaingiwa na hofu. Tangu utotoni alisikia watu wakisema fulani amelewa kama komba. Basi, akidhani pombe ingemnyamazisha, akaenda uani kwa Mama Klara, muuza tembo.

"Nani kakutuma?"

"Baba."

Mama Klara alicheka hadi khanga ikamdondoka. "Yule mtu wa swala tano? Haya, chukua."

Komba akanyweshwa, akanyamaza. Sabaha akafurahi. Lakini kufika adhuhuri ukimya ule ulianza kumtisha. Mnyama alikuwa baridi, nzi wametua machoni pake.

Mara sauti ya Mama Klara ikatoka nje: "Mzee Bakili! Tembo lilikukolea? Msikitini hawajakunusa?"

"Tembo gani?"

Sabaha angeweza kukana. Akatazama mbavu zile ndogo, zikipanda na kushuka kwa shida. Akakitoa kikapu, akasema yote.

Baba hakumpiga. Alikoroga maji ya sukari, ile sukari waliyoipangia foleni tangu alfajiri, ilhali wanaoigawa wao hawapangi foleni. Akamdondoshea komba kinywani tone kwa tone. Jioni komba akalamba kidole chake.

Kesho yake Anselmi aliwapeleka Pugu. Walipita kati ya visiki na majivu, hakuna ndege aliyelia, mpaka wakafika kwenye mti mkubwa wenye tundu.

"Mwanangu," Baba alisema, "uongo wako ulikuwa mdogo, lakini ulitaka kuua. Mnyama wa porini si mwanasesere. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia. Na mimi nimeuza mkaa miaka yote hii bila kuuliza unatoka wapi. Nami nimekosa."

Komba akapanda, akapotelea tunduni. Sabaha akaondoa mkono wake kwenye shina. Kiganja kilikuwa chekundu kwa rangi mbichi.

"Mjomba, hii nini?"

Anselmi akainamisha kichwa. "Alama ya kukatwa. Kibali kimetoka ofisini."

"Huyo aliyekitoa, amewahi kufika hapa?"