Maji Baridi kwenye Injini ya Moto

Zamani asubuhi ya Seenoi ilianza na kibuyu. Alikibeba mpaka zizini, akakamua, akarudi na maziwa ya watoto. Siku hizi asubuhi yake inaanza na moshi. Kisioki, mume wake, anawasha kipanya, basi lao dogo la abiria, jua likiwa bado halijapanda. Moshi unaingia ndani, watoto wanakohoa, na chai inanuka dizeli.

Kipanya hicho kilikuwa cheupe. Sasa kina rangi ya vumbi la Mang'ola. Ni gari lililozeeka kabla ya kufika kwao, pale bomani kando ya barabara ya Oldeani. Wenye gari waliotangulia walikuwa wengi, na kila mmoja aliliacha likiwa baya kuliko alivyolikuta. Kisioki alilinunua kwa ng'ombe.

Na hapa ndipo penye uchungu, kwa sababu ng'ombe hawakuwa wake. Kwa Wamasai, mke hugawiwa ng'ombe wa nyumba yake. Yeye ndiye anayewakamua, na baadaye wanakuwa wa wanawe wa kiume. Mume mwenye adabu hawauzi bila kumwuliza. Kisioki aliuliza, hilo tumpe. Lakini aliuliza jioni, na asubuhi ya siku ile alikuwa ameshapatana na wanunuzi. Seenoi angesema nini? Alisema ndiyo kwa mdomo. Moyo wake haukuulizwa.

Alibakiwa na mtamba mmoja tu, mwekundu. Mtamba huyo alikuwa wa uzao wa ng'ombe aliyepewa na baba yake, mzee Sakaya, siku alipoolewa. Kwa hiyo hali ya nyumba ilikuwa hivi: kipanya kikitembea, watoto wanakula na wanasoma. Kikifa, kuna mtamba mmoja na Mungu.

Kwa ng'ombe, Kisioki alikuwa hodari. Ndama akilegeza sikio, alimwona akiwa ng'ambo ya bonde. Aliangalia pua, aliangalia kinyesi, alijua nani ana homa na nani amekula majani mabaya. Lakini gari lake hakuliangalia kamwe. Aliingia, akawasha, akaondoka. Seenoi alipomwuliza kwa nini halikagui, alimcheka. Alisema chuma hakina homa.

Siku moja Seenoi alifagia uwanja akaona tope mahali kipanya kilipolala. Mvua haikuwa imenyesha. Aliinama, akaona tone linaanguka kutoka chini ya injini, kisha jingine. Alimwita mumewe.

"Baba Lemayian, gari lako linavuja."

"Hata ng'ombe anakojoa," Kisioki alisema. "Nitalinywesha huko mbele."

Na kweli alilinywesha. Kila safari alijaza madumu mawili ya maji ya mfereji kule Mang'ola, yale yanayomwagilia vitunguu. Rejeta ikipungua, aliongeza. Rejeta ndiyo tangi jembamba lililo mbele ya injini, linalopooza maji yanayozunguka ndani ya injini. Mwamini, mama mwenye duka la spea pale Karatu mjini, alimwambia mapema kwamba mpira wa rejeta umepasuka na ubadilishwe. Alimwonyesha mpya, ukining'inia dukani. Kisioki alimjibu kwamba wafanyabiashara hawajawahi kuona kitu kizima.

Siku ya balaa, Seenoi alikuwemo garini. Alikwenda Mang'ola kuuza shanga. Jua la kule chini lilikuwa kali. Walipakia vitunguu mpaka kipanya kikakaa chini nyuma, na abiria wakabanana juu ya magunia. Kisha wakaanza kupanda kurudi Karatu.

Kwenye mlima, Seenoi aliona mshale wa geji ya joto umepanda mpaka mwisho. Hakujua maana yake. Kisioki aliuona pia, akakaza mwendo. Alitaka kufika juu kwanza, apumzike huko. Injini ikaanza kuvuta kwa shida, harufu ya kuungua ikaingia, halafu mvuke ukafumuka mbele ya kioo. Hapo ndipo aliposimama.

Aliruka chini, akafunua boneti, akashika mfuniko wa rejeta kwa ncha ya lubega lake, lile shuka la begani. Akauzungusha. Maji yaliyokuwa yakichemka yaliruka juu kwa nguvu, yakampata mkono na kifua. Mwanaume yule, ambaye hakulia siku ya kutahiriwa, alilia.

Seenoi alimkimbilia na dumu la maji. Lakini Kisioki, akiwa amejikunja pale chini, alimwelekeza kwenye gari.

"Achana na mimi. Kinyweshe kwanza. Kina kiu."

Na Seenoi akakinywesha. Ni binti wa wafugaji. Tangu utoto alijua kwamba mnyama aliyetoka juani hupewa maji haraka. Alimimina dumu la kwanza, akamimina na la pili, maji baridi juu ya chuma kilichowaka. Ndani ya injini kikasikika kitu kimoja tu: tak. Tangu hapo haikuwaka tena.

Lori la vitunguu liliwachukua abiria na mizigo, na matusi hayakukosekana. Kisioki alifikishwa hospitali. Nesi aliuliza walimwagia nini pale alipoungua. Hawakuwa wamemwagia kitu. Nesi alisema maji safi ya kawaida, yakitiririshwa polepole kwa muda mrefu, yangepunguza sana kidonda. Seenoi aliposikia hivyo aligeukia ukutani. Maji alikuwa nayo, madumu mawili. Mumewe hakupata hata tone, na yote yaliishia kuua gari.

Kipanya kilivutwa kwa kamba mpaka gereji ya Abbasi, mume wa Mwamini. Abbasi alifungua, akaangalia, akafuta mikono. Silinda hedi, yaani kile kichwa cha injini, ilikuwa imepasuka. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili, na oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alisema kwa upole kwamba hapo hakuna cha kuziba. Kichwa kinunuliwe kingine.

Mwamini alimkaribisha Seenoi dukani, akampa kiti.

"Ni mimi niliyemwaga," Seenoi alisema. "Niliona linateseka."

"Ulifanya kama mfugaji, dada yangu. Sasa sikiliza. Glasi yenye chai ya moto, ukiitumbukiza kwenye maji baridi, inakuwaje?"

"Inapasuka."

"Basi chuma nacho ni hivyo hivyo. Injini ikichemka, simama pale pale, hata kama ni katikati ya mlima. Zima. Fungua boneti joto litoke, ila mfuniko wa rejeta usiuguse. Kaa kivulini. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuungua. Ndipo unafungua, polepole, na kitambaa kinene, uso ukiwa pembeni. Na maji unayatia kidogo kidogo."

"Na abiria wakipiga kelele?"

"Waache wapige. Kelele haivunji injini."

Seenoi aliuliza jambo lililokuwa likimkera siku zote hizo. Gari lilivuja, na wao waliongeza maji kila siku. Kosa liko wapi? Mwamini alisema kuongeza si kutibu. Ng'ombe akiharisha, humpi maji tu ukaenda zako, unatafuta kinachomharisha. Ule mpira ulikuwa kitu kidogo sana kubadilisha. Tena maji ya mfereji yana tope na chumvi, yanajenga utando ndani ya rejeta mpaka njia zinaziba. Kinachotakiwa ni kulanti, yale maji ya rangi yanayouzwa kwenye galoni. Ukikwama kabisa njiani, maji safi ya kunywa yatakufikisha.

Halafu alimpeleka kwenye gari lake mwenyewe, kuukuu kuliko kipanya, lakini linatembea. Alimwonyesha namna ya kulikagua asubuhi, injini ikiwa baridi na gari liko mahali tambarare. Alichomoa stiki ya oili, kile kijiti cha kuipimia, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Oili ilikuwa kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, unaongeza. Ikiwa nyeupe kama maziwa, huwashi, unamwita fundi. Na hata ikiwa imejaa, ina umri wake. Kilomita alizosema fundi zikifika, inamwagwa yote na kichujio chake kinabadilishwa. Alimshikisha mkanda wa feni autafute ufa kwa vidole. Alimwonyesha kichujio cha hewa, akamwambia kwamba kwa vumbi la Mang'ola kinatakiwa kufunguliwa mara kwa mara.

"Na chini," Seenoi alisema. "Pale lilipolala."

"Wewe hilo ulishalijua," Mwamini alimjibu. "Hukusikilizwa tu."

Silinda hedi ilinunuliwa kwa yule mtamba mwekundu. Seenoi alimpeleka mnadani mwenyewe na kamba mkononi, akarudi na kamba tupu. Jioni ile alimwambia Kisioki, ambaye bado alikuwa na bandeji, kwamba kuanzia sasa ufunguo wa gari utalala kwake. Asubuhi atakagua yeye, kisha atautoa. Mwanaume wa Kimasai kuomba ufunguo kwa mkewe si jambo dogo. Lakini Kisioki alikumbuka mtamba alikokwenda, akamkabidhi ufunguo.

Wewe unayesoma na una gari lililochoka, usidhani gari ndilo lililowaponza. Lilitoa dalili zote. Lilidondosha maji uwanjani, likapandisha mshale, likatoa harufu. Aliyeziona hakuaminiwa, na aliyeaminiwa hakuangalia.

Sasa kipanya kinakwenda vizuri. Msimu uliopita Seenoi aligusa mkanda wa feni asubuhi, akaona nyufa, akakataa kutoa ufunguo. Kisioki alinung'unika kwamba abiria wanangoja. Mkanda ulibadilishwa kwa Mwamini kabla ya safari, na mchana wa siku ile ile walipanda mlima wa Mang'ola wakiwa na vitunguu, mshale ukiwa katikati. Kwenye mlima kulikuwa na gari jingine limesimama linatoa mvuke. Kisioki alishuka, akamzuia dereva asiguse mfuniko, akamwonyesha mkono wake. Watu wanamsifu siku hizi kwa gari imara. Huwa anasema ni matunzo. Matunzo ya nani, huwa hasemi.

Mzee Sakaya alikuja kutoka Endulen kuwatembelea. Seenoi aliinamisha kichwa, baba yake akamgusa utosini. Wakaulizana habari za watoto, kisha za mifugo, na mzee akauliza kama yule mtamba mwekundu ameshazaa.

Seenoi angeweza kudanganya. Alimpeleka kwenye kipanya, akafunua boneti, akaonyesha kidole.

"Yuko humu, Baba."

Akamweleza yote, hata yale madumu mawili. Kisioki alisimama kando, akivuta lubega lifunike mkono ulioungua. Mzee alitazama vyuma vile kwa makini, kama anayetafuta pa kushika.

"Na hili likifa?"

"Nalikagua kila siku kabla halijawashwa. Likifa, litakufa kwa uzee."

"Hata ng'ombe wako wangekufa kwa uzee," mzee Sakaya alisema. "Lakini wangeacha ndama."

Seenoi alishusha boneti, akaibana kwa mikono miwili mpaka ikashika, akampa Kisioki ufunguo. Abiria walikuwa wameshafika barabarani, wanasubiri.