Kumsindikiza Mgeni hadi Mulongwe

Wageni wote walileta matope isipokuwa mmoja. Josée aligundua jambo hilo akiwa ameinama na kitambaa mkononi, mgongo unamuuma, mvua ikipiga mabati ya nyumba ya wageni ya chuo. Matope yalianzia mlangoni, yakagawanyika kwenye korido, yakaingia vyumba vya mbele, kila mtu na kiatu chake. Mbele ya chumba cha nyuma sakafu ilikuwa kavu. Na yule wa chumba cha nyuma aliingia pamoja na wenzake. Josée mwenyewe alimwambia karibu na kumwonyesha kitanda. Labda alivua viatu, akajiambia, akakamua kitambaa na kuendelea na kazi yake.

Vita ya pili ilikuwa imetulia kidogo, vile homa ya malaria inavyotulia jioni kabla ya kurudi, na ilipotulia tu watafiti wakaanza kufika Uvira. Jamani, watafiti! Walitoka Kinshasa, walitoka Ulaya, walivuka mpaka kutoka Bujumbura, na wote walitaka kujua kitu kilekile: vita ilikufanyia nini? Watu walijibu mpaka wakachoka. Mara ya kwanza unaeleza dada yako alivyokufa, unalia. Baadaye unaeleza huku unachambua mchele, na anayeandika akikosea jina la kijiji unamsahihisha. Wakubwa wa chuo walifurahi tu, kwa sababu chuo chenye wageni ni chuo kilicho hai, hata kama madirisha yake yamezibwa kwa mbao.

Josée, mtunzaji wa nyumba hiyo, hakuwahi kumjibu mtafiti hata mmoja. Aliwapikia, akawafulia, akawachemshia maji ya kuoga, lakini habari za Achille hakuzitoa. Achille alikuwa mtoto wao wa pekee. Alishuka bonde la Ruzizi, akaenda Nyakabere kuleta mihogo, na hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Nyumba yao ya kwanza iliungua na picha zote. Kilichobaki kwa Josée na mume wake Libérat, santineli, mlinzi wa geti la chuo, ni kumtaja. Kila jioni wakiwa mezani, mmoja alitoa jambo moja dogo juu yake: alivyogombania ukoko wa ugali, alivyoimba vibaya kanisani bila aibu. Waliamini kwamba kama mtoto yule yuko hai, siku atakayotokea lazima akute mtu anayemngoja. Kazi hiyo iliwachosha kuliko kazi zote, na hawakuiacha.

Basi, yule mgeni wa chumba cha nyuma alikuwa mtu wa adabu. Shati lake lilikuwa la rangi ya majivu, sauti yake ya chini. Hakuwa na kalamu wala kinasa sauti. Alikaa kwenye kona ya saluni, sebule ya wageni, upande wa dirisha la ziwani, akipewa sahani anasema aksanti mama. Josée alipokwenda kubadilisha mashuka yake aliyakuta hayana hata mkunjo, na chumba kizima kinanuka udongo, ule udongo mbichi uliochimbwa sasa hivi. Halafu kulikuwa na mkwaruzo ndani ya ukuta, kama kalamu inayokimbia juu ya karatasi. Watu wakiongea ulikwenda. Watu wakinyamaza ulinyamaza.

"Panya," Libérat alisema.

"Panya gani wanasikiliza watu?" Josée akamuuliza.

Alasiri moja Josée alikuwa anaanika mashuka, akamwona Agnès, sekretari wa chuo, amekaa barazani na mgeni yule. Alikuwa anamweleza habari za mama yake, aliyefia kando ya njia ya kwenda mji wa Baraka wakati wa kukimbia, wakamfunika kwa majani kwa sababu hawakuwa na jembe. Mgeni alisema tu, kwa upole, "Sema, mama. Minye niko na wakati." Nyuma yao ukuta ulikwaruza bila kupumzika.

Kesho yake Agnès alifika kazini anaimba. Josée alifurahi, maana alikuwa hajamsikia akiimba tangu vita ianze.

"Dada Agnès, leo uko na furaha! Marehemu mama yako angekuona, angecheka."

"Mama gani?"

"Mama yako. Mwenye alikufa njia ya Baraka."

Agnès akamtazama kama mtu anayetaniwa vibaya. "Weye, Mama Achille, usinichezee. Minye nililelewa na shangazi yangu. Mama sikuwa naye hata siku moja." Akaendelea na wimbo wake, na Josée akabaki amesimama na beseni.

Asubuhi iliyofuata profesa Donatien, mkuu wa msafara wa watafiti, mtu mpole mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimfuata jikoni.

"Mama Achille, ile mutu yenu iko na kipaji. Watu wanamuambia yote. Sisi tukifika nyuma yake, hawana kitu ya kutuambia tena. Wanasema vita haikuwagusa."

"Mutu yetu gani, profesa?"

"Ule wa chumba cha nyuma. Si chuo ilitupatia yeye atuongoze?"

Josée akaweka chini mwiko. "Ule alishuka na ninyi kwenye gari yenu."

"Hapana, mama." Donatien akapunguza sauti. "Tulimukuta kwa geti yenu, amesimama kwa mvua, anatungojea. Tukasema ni wa kwenu."

Walitazamana. Wageni walimdhania mwenyeji, wenyeji wakamdhania mgeni, na kila upande uliona aibu kuuliza. Ukutani, nyuma ya masufuria, mkwaruzo ulikuwa unakwenda kasi.

Kabla ya adhuhuri watafiti walikuwa wameondoka, vyandarua vyao bado vinaning'inia vyumbani. Mgeni wa chumba cha nyuma hakuondoka. Libérat aliingia kwake na rungu, akasikika akifoka, halafu hakusikika tena. Alipotoka, rungu lilikuwa linaburuzwa chini.

"Amekuambia nini?" Josée akanong'ona.

"Ameniuliza kama nimechoka." Libérat akafuta uso. "Mama Achille, nimechoka kweli."

Hapo ndipo Josée aliogopa sawasawa. Udongo ulinuka sasa hata ndani ya unga, hata ndani ya maji ya kunywa, na kila alipopita kwenye korido alimkuta mume wake ameegemea mlango ule, uso umelegea, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayetafuta neno la kuanzia.

Alikwenda Kavimvira kwa mama Spès, mzee wa Katogota aliyekimbilia mjini, mwenye kuongoza sala parokiani na kutibu watu wanaosumbuliwa na majini. Parokia ilijua na ilinyamaza. Alimkuta anachambua maharage, hana hamu ya kuona mtu.

"Kila mutu analeta yake," Spès akasema. "Haya, sema."

Josée akasema. Mzee akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Nani alimuambia karibu?"

"Minye."

"Nani alimupa chakula?"

"Minye vilevile."

"Sasa unataka nimufukuze mugeni wako? Siwezi. Padri atamwaga maji, jini litatoka kwa mlango, litarudi kwa dirisha. Ulilipokea."

"Nifanye nini, mama? Bwana yangu iko anakwisha."

"Musindikize. Weye mwenyewe, mwenye kumupokea. Umufikishe daraja ya Mulongwe, avuke mbele ya macho yako, na nyumba yenu hatairudia. Lakini njiani ataomba habari. Mugeni hasindikizwi kimya kimya, unajua. Ukikataa kujibu, atageuka, mutarudi wote nyumbani."

"Na nikimudanganya?"

Spès akatupa maharage mabovu. "Hii vita yote amekuwa anakula habari za kweli. Unafikiri hajui ladha yake?" Kisha akamtazama kwa mara ya kwanza, na uso wake ukalainika. "Pole, mwanangu. Minye pia nilisindikiza mmoja, wanasema. Sijui nilimupa nini."

Josée alirudi akamweleza Libérat kila kitu, wakiwa nje kabisa, karibu na geti, mbali na kuta. Libérat akashika nondo za geti.

"Acha niende minye."

"Si weye mwenye kumupokea. Na weye ungempa Achille kwa furaha, nimekuona kwa ule mlango."

Libérat akainamisha kichwa.

"Nisikilize, Baba Achille," Josée akasema. "Minye nitamutoa Achille. Hakuna njia nyingine. Weye utabaki naye. Hata uchoke namna gani, usimuambie mutu yeyote mwenye atakuuliza na sauti nzuri. Unaniapia?"

"Naapa."

"Kwa jina yake."

"Naapa kwa Achille."

Akaingia, akagonga mlango wa nyuma. "Mugeni wetu, jua linaenda. Acha nikusindikize." Mgeni akainuka mara moja, kwa adabu, maana hakuna mgeni anayekataa kusindikizwa.

Walishuka barabarani wakati watu wanatoka sokoni. Mvua ilikuwa imeacha matope kila mahali na Josée aliyasikia yakinyonya kandambili zake, zake peke yake. Watu walimsalimia yeye. Aliyekuwa pembeni yake hawakumsalimia. Walipopita maduka, ile sauti ya chini ikauliza, "Na kwenu, mama, vita ilifanya nini?"

Alinyamaza. Mgeni akasimama, akaanza kugeuka kuelekea walikotoka, taratibu, bila hasira, na Josée akamwona Libérat akilini mwake, ameegemea ule mlango, na yeye mwenyewe akafungua mdomo.

Alianza na vitu vidogo akidhani atatoa vidogo tu, alivyogombania ukoko, alivyoimba, na kila alichokitoa aliendelea kukisikia kidogo kama mlio wa kengele unaokwisha halafu hakukisikia tena, akatoa na kikohozi cha usiku wa kuzaliwa kwake, na kovu la gotini, na shati la bluu alilovaa asubuhi ile ya Nyakabere, na jinsi alivyogeuka mara moja kumpungia mkono, na mgeni alitembea akitikisa kichwa, ndiyo mama, ndiyo mama, na harufu ya udongo ilikuwa imemjaa puani mpaka hakusikia samaki wala ziwa, na akili yake ikawa inakimbia mbele ikificha vitu, ikilificha jina nyuma ya majina mengine, lakini walipofika darajani mgeni aliweka mguu mmoja juu ya daraja akaacha mwingine upande huu, akangoja, na maji ya Mulongwe yalipita chini yao mekundu kwa mvua, na Josée akalia kwa sauti mbele ya watu, "Achille! Aliitwa Achille!"

"Aksanti, mama," mgeni akasema, akavuka.

Josée alikaa pale kitambo, anashangaa kwa nini uso wake umelowa. Mabega yalikuwa mepesi ajabu. Aliona wanawake wanauza ndagala, dagaa wa ziwani, akanunua za jioni, akapanda nyumbani. Jirani mmoja alimwita kwa nyuma, Mama Achille, Mama Achille, mpaka akachoka kuita.

Nyumbani hakukuwa na mkwaruzo. Kuta zilikuwa kuta tu. Libérat alimkuta jikoni anakaanga samaki, na vile alivyosimama, wima, kama msichana, vilimtia hofu asiingie.

"Ingia, Libérat," akasema. "Mbona unasimama hapo?"

Tangu mtoto azaliwe hakuwahi kumwita jina hilo. Libérat akaingia, akakaa, akala alichoweza. Chakula kilipokwisha alikunja mikono juu ya meza. Alikuwa ameapa.

"Achille," akaanza, na ilibidi aanze tena. "Achille aliogopa viboko. Kwa wenzake alijisifu, mutoto ule, kwamba anaogelea mpaka kule mbali. Lakini akisikia kiboko amelia ziwani jioni, alikuwa anakuja kulala katikati yetu. Na alikuwa mukubwa tayari."

Josée alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole wote aliowasikilizia wageni miaka yote. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa mume wake.

"Pole sana, Libérat. Hukuwahi kuniambia kama ulizaa mutoto." Alisita kidogo, akiogopa kumwumiza. "Na mama yake iko wapi?"

Libérat akautazama ule mkono.

"Alienda kusindikiza mugeni," akasema.