Miwani ya Devotha na Idhini ya Mama

Asubuhi hiyo Devotha alikata majani ya ng'ombe, akafagia uwanja, kisha akapanda mlima kwenda shuleni huku akiimba. Wataalamu wa macho kutoka mji wa Same walikuwa wanakuja! Alikuwa darasa la sita, na hata akikaa mbele haoni ubaoni. Leo angepata miwani!

Sharti lilikuwa moja: kila mtoto aje na mzazi wa kutoa idhini. Wazazi wake walikuwa mbali, huko Ndungu, wakivuna mpunga, naye alibaki na kaka yake Edgar wa kidato cha pili. Devotha hakuona taabu. Kijijini kwao kila mtu mzima ni mzazi: atakutuma, atakulisha, na ukikosea atakuchapa. Basi alikuwa amemwomba jirani, Mama Irene, naye akaja mbio shuleni.

"Shikamoo," Devotha alimwamkia Blandina, nesi aliyekuja na wataalamu hao.

"Marahaba. Huyu ndiye mzazi wako?"

"Ni mwanangu kabisa!" alidakia Mama Irene.

"Nitamtia matone ya kupanua mboni. Kuna dawa iliyowahi kumdhuru?"

"Hakuna!"

Nesi akafungua chupa. Devotha aliitazama. Mama Irene alihamia kijijini mwaka jana tu, angejuaje dawa zilizowahi kumdhuru? Lakini akisema ukweli, huenda akaikosa miwani. Akamshika nesi mkono.

"Subiri, nesi! Huyu ni jirani. Mama yuko Ndungu."

Mwalimu wake, Hezroni, akampigia mama simu. Simu imezimwa! Akampigia baba. Ikaita, ikaita, hatimaye ikapokelewa katikati ya kelele za kupura mpunga, na mama akaitwa.

"Matone?" mama alipaza sauti. "Jamani, msimtie! Aliwahi kutiwa akiwa mdogo, uso ukavimba, hata kupumua ikawa shida! Mpimeni, nimekubali, ila bila hayo matone!"

Nesi akaifunga chupa. Devotha alipimwa bila matone, na mchana akatoka na miwani usoni.

"Naona mpaka ng'ambo ya bonde!" alipiga kelele, akirukaruka.

Mama Irene alimkumbatia. "Nisamehe, mwanangu. Nilitaka kukusaidia, kumbe ningekudhuru."

Nesi Blandina aliwageukia wanafunzi wote. "Hatuombi idhini ili kuwasumbua," alisema. "Mwili wako umepitia mambo usiyoyakumbuka, ila aliyekulea anayakumbuka. Ndiyo maana tunamuuliza yeye kwanza. Devotha angenyamaza, saa hizi tungekuwa tunamkimbiza hospitali."