Kombe la Tabaka la Nne

Kila jioni baba aliporudi kutoka machimboni, kazi ya kwanza ya binti yake ilikuwa kulipiga shati la kazi ukutani mpaka vumbi jeupe liishe. Kazi ya pili aliipenda zaidi: kumpekua mifuko. Humo mchonga mawe huyo alimletea makombe ya konokono wa kale yaliyogeuka mawe, ambayo mwalimu wa sayansi aliyaita visukuku. Kila kombe lilifungwa kwa kipande cha gazeti chenye namba ya tabaka la mwamba lilikotoka.

Baba alimpa jina la utani, Hakimu, maana binti huyo hakukubali jambo kabla ya kuuliza, "Umejuaje?" Hata akiambiwa mvua inanyesha, alitoka nje kuhakikisha, akarudi ameloa na ameridhika.

Jumamosi shule ingekuwa na maonyesho ya sayansi. Hakimu alitaka kuonyesha ushahidi wa mageuko, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, kwa muda mrefu mno. Mwalimu alikuwa amewaeleza kwamba tabaka la chini ndilo la zamani zaidi, kwa kuwa tope lililotangulia hulaliwa na linalofuata. Makombe ya tabaka la kwanza, chini kabisa, yalikuwa laini. Ya tabaka la pili yalikuwa na tuta moja mgongoni, ya la tatu mawili, ya la tano manne. Tabaka la nne halikutoa kombe hata moja. Hakimu aliitazama ile nafasi tupu kwenye ubao wake mpaka chakula kikampoea mbele yake, siku tatu mfululizo.

Jumatano baba aliingia akitabasamu. "Fumba macho," alisema, akamwekea kitu kiganjani.

Lilikuwa kombe lenye matuta matatu.

"La tabaka la nne?"

"La nne hilo."

Hakimu alimkumbatia pamoja na vumbi lake. Siku hiyo hakuuliza, "Umejuaje?"

Kesho yake alichukua lenzi aliyoazimwa na mwalimu ili achore kila kombe. Alipofika kwenye lile jipya, penseli ilisita. Kati ya tuta na tuta palikuwa na mstari mwembamba kama uzi, na aliujua. Patasi ya baba ilikuwa na pengo dogo kwenye makali, na kila jiwe alilolichonga lilibaki na uzi huo huo. Ulikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, na kwenye jiwe la kufulia pia. Konokono gani huyo aliyeazima patasi ya baba?

Karibu acheke. Kisha akautazama ubao mzima. Makombe kumi na tisa, yote yaliletwa na baba, na namba zote ziliandikwa na baba. Yapi yalikuwa ya kweli? Alijiona amesalitiwa, tena na mtu ambaye hakuwahi kumdhania.

Jioni ile hakuna aliyelikung'uta shati vumbi.

"Baba, hili umelitoa wapi?"

"Si nilikwambia, mwanangu? Tabaka la nne."

"Baba."

Mchonga mawe akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nilikuona huli," alisema. "Nikalichonga mwenyewe, nikasema, kitu chenyewe kidogo, nani atajua? Mengine sikuyagusa, nakuapia."

"Nitajuaje kama ni kweli?"

Baba alijikung'uta vumbi magotini.

"Umenidanganya huku unanitazama usoni," Hakimu alisema, machozi yakimtoka. "Na Jumamosi ningesimama mbele ya watu niwadanganye na wao, bila hata kujua."

Ijumaa asubuhi walikwenda shuleni pamoja. Baba mwenyewe ndiye aliyemweleza mwalimu, kofia mkononi. Mwalimu alisikiliza, kisha akaliweka lile kombe pembeni na kuuliza, "Machimboni tunaweza kwenda leo?"

Mchana ule baba alisimama kando, mikono nyuma. Hakimu alipanda na kushuka kwenye ukuta wa machimbo na nyundo ndogo, mwalimu akiandika namba. Alipata makombe saba: ya tabaka la kwanza, la pili, la tatu na la tano. La nne halikutoa kitu.

Jumamosi mkaguzi aliyekuja kukagua kazi za wanafunzi aligusa ile nafasi tupu kwenye ubao, ambao sasa ulikuwa na yale makombe saba tu. "Hapa mbona patupu?"

"Bado hatujapata," Hakimu alijibu. "Haya saba nimeyatoa mwenyewe."

Mkaguzi aliinama, akayatazama moja moja kwa lenzi, akaandika kwa muda mrefu.

"Umefanya vyema," mwalimu alimwambia Hakimu mkaguzi alipoondoka. "Ushahidi ukipungua, tunaendelea kutafuta. Lakini uongo mmoja ukiingia, hata yale ya kweli watu hawatayaamini tena, na watakuwa na haki."

Baba alikuwa nyuma yao. "Hilo nimeliona nyumbani kwangu," alisema taratibu. "Nilidanganya kwa kombe moja tu, mwanangu akaacha kuamini lolote nisemalo. Nisamehe, mama."

Hakimu aliushusha ubao wake mezani. "Bado nimekasirika."

"Najua."

"Na Jumatatu nikitoka shule nakuja machimboni. Utanishikia ngazi, lakini mawe usiyaguse."

"Sitayagusa," alisema baba, akaupokea ubao ili ambebee.